Mulango wa Nyumba ya Sendika

Ile mwaka bukari, ugali yetu, ilikuwa inanuka gudron, ile lami nyeusi. Wazee ba Kolwezi, ukibaambia vile, banajua mara moja ni mwaka gani. Sisi batu ba Kasai, benye kuja huku juu ya kazi, benyeji balitufukuza mu manyumba, tukaikala ku gare, ku stesheni, kungojea treni ya kuturudisha Kasai, na kuni hazikuwako. Tulikuwa tunapasula zile mbao za zamani za chini ya reli, zenye kupakwa gudron, njo tunapikia. Moshi mweusi unaingia mu chungu. Batoto balizoea. Mi pia nilizoea.

Bwana yangu alikuwa mufunga mabehewa. Anaingia katikati ya behewa mbili, anazifunga, na kidole chake kimoja kilibakia mule. Alipenda sendika, chama cha batu ba kazi ya reli, kupita kanisa. Mbele, sendika hapa haikuwa na nyumba; balikuwa banakutana mu depo ya treni, na shefu wa kazi anasikia yote. Njo bakasema: tujenge yetu. Siku ya Mungu, nyuma ya misa, banaume banapiga matofali, sisi banamuke tunachota maji. Baluba kama sisi, Balunda na Basanga ba hapa, kila mutu na tofali yake. Mi nilibeba ile maji na mimba. Mulango baliutengeneza na mbao za behewa la zamani. Siku ya kuufungua bakatangaza, na bote bakaitikia: mutu wa reli mwenye kukosa pa kulala, huu mulango ni wake. Wakati wa greve, batu bakigoma kazi, tulilala mule na batoto. Mutu wa reli akikufa, matanga ni mule. Ilikuwa nyumba ya kweli, ile siikatai.

Pale ku gare tulikuwa tumepata nafasi mu behewa ya kufunikwa, mu kona. Mvula ikaanza. Bwana yangu akatazama nyumba ya sendika ngʼambo ya reli, akaniambia:

"Beba mutoto, tushuke. Sendika itatufungulia."

"Na nafasi yetu?"

"Mama, ile matofali nilipiga mi."

Tukashuka. Mbele miguu yetu ifike chini, batu bengine bamekwisha kuikala mu kona yetu.

Akapiga hodi. Mule ndani mulikuwa batu, tulisikia banakohoa. Akasema jina yake, akasema na kazi yake. Sauti ya kijana mumoja wa sendika ikajibu nyuma ya mulango:

"Tata, usitupatie matatizo. Bale benye kufukuza batu bakituona na nyinyi, batachoma nyumba."

"Basi pokea mutoto tu."

Mulango haukufunguka. Tulisimama pale mupaka mvula ikapita. Labda bangefungua, bangechomewa kweli. Sijui.

Behewa ya kufunikwa ilikuwa imejaa. Tukapanda ya wazi, ile ya kubebea manganeze, yale madini ya Kisenge, vumbi nyeusi na maji chini. Mutoto wangu wa mwisho, mwanamuke, akakohoa, kisha akaacha kukohoa. Tulimuzika pembeni ya reli, ku gare moja yenye sijui jina yake. Treni ikapiga filimbi, tukapanda. Sikulia. Batu bananiuliza kama nililia baadaye. Hapana.

Miaka ikapita, bakubwa ba reli bakamuita bwana yangu arudie Kolwezi, juu benye kujua kufunga mabehewa balikuwa bamekwisha. Akarudia ku kazi, akarudia na ku sendika. Kila mukutano alikuwa anaikala ku kiti chake. Matanga yake ilikuwa mule. Siku ile balifungua.

Sasa malori ya migodi ya Fungurume njo yanabeba madini yote, treni inapita siku yenye inataka. Lakini sendika ingali. Mujukulu wangu ni delege, mwenye kusemea batu ba kazi mu sendika, mwanamuke wa kwanza hapa. Anapitisha treni ku radio, madereva wazee banamusikiliza na banafuata. Ile naisema ku soko hata kwa mutu mwenye hakuniuliza.

Juzi akaja na prezida wa sendika, bakanipatia kitenge cha sikukuu. Banapaka nyumba rangi mupya, banataka kusoma historia yake mbele ya bakubwa.

"Mama," prezida akasema, "weye njo muzee wetu. Utasimama, utasema kama ile mwaka mulango ulikuwa wazi kwa batu bote."

"Tata, nyuma ya ule mulango ulikuwa weye. Wakati ule ulikuwa na sauti tu, sasa uko na tumbo."

Mujukulu wangu akacheka. Kisha akamutazama prezida, akaacha kucheka. Hakuwa anajua.

Prezida akakubali: "Nilikuwa kijana, mama. Niliogopa." Halafu akasema: "Mi natoka mu kiti ya prezida mwaka huu. Nikibaonyesha batu huyu mujukulu wako, batamuchagua mu nafasi yangu. Lakini sikukuu ikiharibika, siwezi."

"Mi sitasema ule mulango ulikuwa wazi."

"Kambo, bibi yangu," mujukulu wangu akasema, "ni neno moja. Unasema, unaikala, unakunywa sukre yako, ile soda."

Nikamutazama. Ile kiti namutakia kupita bitu byote byenye nimebakia nabyo. Kitenge kilikuwa kizuri, kijani. Nikakikunja, nikamurudishia prezida mu mikono.

"Kambo. Juu yangu."

"Mi sitasema ule mulango ulikuwa wazi."