Sufuria Niliyompa Mgeni

Nyumba yangu ya Kabambare ina vyumba vinne na mabati mapya, na hakuna mtu aliyenisaidia kuijenga. Nasema hivyo bila aibu. Niliondoka hapa mgongoni mwa mama yangu wakati wa vita, nikakulia kambini ng'ambo ya ziwa, nikamzika mama kule kule, nikauza mandazi ili ninunue madaftari, na nikarudi na diploma ya maendeleo ya jamii. Katika kanisa letu hakuna mwingine mwenye karatasi kama hiyo. Njiani watu wananiita Baba Diploma, na ninaitika.

Lakini kuitwa njiani ni jambo moja, kutembelewa ni jambo lingine. Nilijipikia, nikala nikitazama ukuta, nikaosha sahani moja. Hivyo ndivyo mwaka wangu wa kwanza ulivyopita.

Kisha watu wakaja kwa miguu kutoka upande wa Salamabila, wakikimbia milio ya bunduki. Walilala kanisani kati ya mabenchi tangu Alhamisi. Jumapili mchungaji hakuhubiri. Alisema tu:

"Kila mutu afikiri nyumba yake, aseme iko na nafasi ya watu wangapi."

Mama shemasi, mjane mwenye kibanda cha nyasi chenye chumba kimoja, alisimama wa kwanza. "Miye nachukua wanne."

"Utawalaza wapi, mama? Utawatundika kwenye misumari?" mwanamume mmoja aliuliza.

"Nitakutundika weye kwanza, nione kama musumari unashika."

Kanisa zima lilicheka. Mimi nikasimama, nikasema nina vyumba vitatu vitupu, na kicheko kikageuka kuwa makofi. Nilipewa bibi mmoja na wajukuu wake wawili wa kike. Sitaficha: nilifurahi kuliko wao. Nilitaka sauti za watu ndani ya nyumba ile, na nilitaka zikae.

Nilijua namna ya kumpokea mtu aliyekimbia, maana niliwahi kuwa mtu huyo. Tulipofika kambini, mama alipewa sufuria mpya. Aliikumbatia akalia, kwa sababu tangu siku ile hatukungojea tena chakula cha mtu. Kwa hiyo nilikwenda kwa mwenye duka mmoja aliyetoka Kasongo, nikachagua sufuria nzuri kuliko zote alizokuwa nazo. Nyuma ya nyumba, mbali na jiko langu, nikapanga mafiga matatu, nikaweka kuni, unga, mafuta na sombe, majani ya muhogo yaliyokwisha kutwangwa. Nikamkabidhi bibi sufuria kwa mikono miwili.

"Bibi, hii ni yako. Hapa hutaomba kwa mutu."

Aliitazama, kisha akanitazama mimi. "Aksanti, baba. Na weye unakula wapi?"

"Miye niko na jiko langu ndani."

Akawaambia wajukuu neno kwa Kibangubangu. Mimi lugha hiyo ilinipotea kambini. Nilisikia sauti tu.

Siku tatu walipika kule nyuma, nami nikapika ndani. Kupitia ukuta niliwasikia wasichana wakicheka, nikajiambia kwamba nimefanya kazi nzuri, ingawa kila nilipotoka walinyamaza. Siku ya nne nilirudi kutoka kazini nikakuta chumba kimefagiliwa, mkeka umekunjwa, na sufuria imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa. Walikuwa wamehamia kwa mama shemasi.

Nilikwenda huko nimekasirika. Mama shemasi alinizuia nje ya kibanda chake.

"Nimewapa kila kitu, mama! Nimewakosea nini?"

"Baba Diploma, mugeni akifika unamupikia. Akizoea, anaingia jikoni kwako, munapika pamoja. Weye umemupa mafiga yake siku ya kwanza. Umemuambia nini?"

"Nimemwambia yuko huru."

"Umemuambia asisogelee moto wako. Hapa kwetu anayetengewa mafiga ni mutu anayeogopwa. Mwanamuke mzee, anatoka mbali, hajulikani, halafu unamupikisha peke yake? Alifikiri unamuona mulozi, muchawi. Aliwaambia watoto: musilie, anatuogopa tu."

Nikamwomba aniruhusu kumwona bibi. Mimi, niliyesomea namna ya kuishi na jamii.

Aliniruhusu kuingia. Bibi alikuwa akichambua maharagwe. Nilichuchumaa mbele yake, nikamwomba msamaha, nikamweleza habari ya kambi na ya sufuria ya mama. Habari hiyo nimeisimulia mara nyingi, na kila mara wasikilizaji walisifu jinsi tulivyojitegemea. Bibi aliacha maharagwe.

"Mama yako alilia?"

"Kwa furaha, bibi."

"Maskini," akasema. "Kule kote hakukupatikana hata mutu mumoja wa kumupikia?"

Nilimwomba arudi. Nilimwambia tutapika kwenye moto mmoja, na yeye ndiye atakayeutawala. Alitikisa kichwa taratibu, bila ubaya.

"Watoto wamezoea hapa, baba. Tutakuja kukuona."

Walitimiza neno. Jumapili, baada ya ibada, waliingia wakiwa wameacha viatu mlangoni, wakaketi kwenye viti vyangu magoti yakiwa pamoja. Nilikuwa nimepika kuku na wali. Wali uliungua chini. Bibi akausifu, wajukuu wakakwangua sahani. Nikauliza habari za shule, wakajibu. Nilikuwa na mengi ya kuwaambia, lakini maneno yote yaliyonijia yalinihusu mimi.

Jua lilipoanza kushuka, bibi alisimama. "Aksanti kwa kutupokea."

Niliwasindikiza hadi njia panda, kama ilivyo desturi, kisha nikaendelea kutembea nao. Tulipokaribia kibanda cha mama shemasi, bibi alicheka.

"Rudia hapa sasa, baba. Ukitufikisha mulangoni, sisi ndio tutakusindikiza weye."

Wasichana walikwisha kutangulia mbio. Nilisimama hadi nikasikia mama shemasi akiwagombeza kwa kuchelewa, kama watoto wa nyumbani, kisha nikageuka.