Kikombe Nilichokikataa

Mwaka kipindupindu kilipoingia vijiji vya ziwani, harufu yangu ilifika kabla yangu. Ilikuwa harufu ya klorini. Ilikaa mikononi, kwenye buti, kwenye kiti cha pikipiki, mpaka kwenye chai niliyojipikia asubuhi. Watu wakiinusa walitoka njiani, wakasimama kwenye majani mpaka nipite.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa jamii. Kila asubuhi nilichukua dawa zahanati nikazipeleka kwenye nyumba zenye wagonjwa, upande wa Nyegina na vijiji vya mbele yake. Kila nyumba ilipata pakiti za ORS, ule unga wa kurudisha maji mwilini, pamoja na vidonge vya kutibu maji ya kunywa. Aliyezidiwa alifuatwa na gari akapelekwa kambi ya matibabu. Lakini gari lilikuwa moja na vijiji vingi, kwa hiyo mtu alipona au hakupona kutokana na alichokunywa wakati analisubiri.

Kwenye semina tulifundishwa masharti. Usiingie ndani. Usishikane mikono. Usile wala usinywe kwenye nyumba ya mgonjwa. Weka dawa juu ya kigoda au jiwe, rudi nyuma hatua sita, eleza kwa sauti, ondoka. Masharti yalikuwa ya maana na yalitulinda, sitayasema vibaya. Tatizo lilikuwa mimi. Mke wangu husema nikiambiwa nisubiri hapa, nitasubiri mpaka viatu viote majani.

Mke mwenyewe nilimpeleka Bunda kwa mama yake wiki ya kwanza, yeye na watoto. Tulikubaliana bila ugomvi. Mwanzoni watoto walinililia kwenye simu. Kufikia wiki ya tatu walikuwa wanasema, "Baba shikamoo, tunacheza," halafu simu inarudi kwa mama yao. Nilifurahi kwamba wamezoea, na iliniuma kwamba wamezoea.

Sokoni Mwigobero kulikuwa na mama mmoja muuza samaki ambaye kwa miaka alikuwa ananiita shemeji, ananitania kwamba mke wangu ananinyima chakula. Siku moja nilikwenda kununua sato. Alinionyesha kwa kidevu mahali pa kusimama, akamweka samaki juu ya gunia, akarudi nyuma. Nilihesabu hatua zake. Zilikuwa sita. Sikumlaumu, lakini samaki yule nilimla bila hamu, nimekaa peke yangu kwenye meza ya watu watano.

Sasa, kwetu mgeni haulizwi kama anataka maji. Yanaletwa tu, kwenye kikombe kilichowekwa juu ya sahani, na anayeleta anakupa kwa mikono miwili. Nimelelewa Butiama na mama ambaye angenichapa kama ningeyasukuma. Na katika nyumba zile, hata mwenye kuugua alikuwa anatuma maji yaletwe. Mimi nilikuwa nainua kiganja kama trafiki. "Hapana mama, hairuhusiwi."

Wiki ya tano nilianza daftari jipya, na nyumba yake ya kwanza ilikuwa ya mvuvi aliyetoka kisiwani Rukuba akiwa ameshaanza kuharisha. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yameingia ndani, lakini aliponiona alimwambia mkewe, "Mletee mgeni maji." Mke akaleta. Nikainua kiganja. Tena nikawapa mhadhara mzima kuhusu vimelea, nimesimama hatua zangu sita, najiona daktari. Mwanamke akakirudisha kikombe ndani taratibu, asimwage hata tone. Nikaweka dawa kwenye kigoda, nikawaandikia namba ya simu ya gari wapige akizidiwa, nikatia alama ya vema kwenye daftari: imefika.

Siku tatu baadaye nilifika kwa bibi mmoja aliyeishi peke yake, nyumba ya mwisho kabla ya mwambao. Tumbo lilikuwa limemwanza asubuhi hiyohiyo, bado alikuwa anatembea. Akaingia ndani, akatoka na kikombe juu ya sahani. Nikainua kiganja. Alibaki amesimama nacho pale mlangoni wakati naeleza: pakiti moja kwa lita moja ya maji, tia kwanza kidonge, subiri nusu saa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikatia vema, nikaondoka.

Kesho yake mchana nilipita tena kwa sababu njia ilikuwa moja. Pakiti zilikuwa juu ya kigoda, palepale nilipoziweka. Kuku alikuwa amezinyea. Bibi alikuwa amelala kwenye mkeka kibarazani, midomo imekauka. Nilipandwa na hasira, na hasira ile ilikuwa woga.

"Bibi, mbona hujanywa dawa? Unataka kufa?"

Hakuinua kichwa. "Shikamoo hakuna siku hizi?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Jana nilikuletea maji. Ukakataa."

"Ni sheria, bibi. Nilikueleza."

"Ulinieleza. Maji yangu wewe hunywi. Halafu unaniambia nichukue maji yaleyale, nitie unga wako, mimi ndiyo ninywe." Akavuta pumzi. "Mtu akikuleteaga kitu kwa wema, anakunywaga maji yako. Akikataa, unajiuliza ameleta nini."

Alikuwa amesema kweli tupu. Kwa siku zote zile nilikuwa napita nyumba kwa nyumba nikiwaonyesha watu kwa kiganja changu kwamba maji yao hayafai, halafu nawaambia wayanywe.

Nilizipanda ngazi za kibaraza. Nilipiga simu ya gari, nikaambiwa liko mbali, litafika jioni. Nikanawa mikono, nikatia kidonge kwenye ndoo yake ya maji, nikakaa chini kusubiri nusu saa.

Ni muda mrefu, nusu saa. Aliniangalia, kisha akaanza kuniuliza.

"Una watoto?"

"Watatu. Wako Bunda na mama yao."

"Nani anakupikiaga?"

"Mwenyewe."

"Unakula na nani?"

Wiki tano hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza jambo lisilohusu dawa, mpaka swali lile dogo la chakula. Nilijifanya naangalia saa. Yeye naye akageuza uso upande wa ziwa, akaniacha nifute macho. Akaniambia tangu mumewe afe yeye husonga ugali wa watu wawili, halafu wa pili anawapa kuku. Hakuniomba nimsikitikie.

Nusu saa ilipoisha nilikoroga pakiti kwenye lita moja. Nikamimina vikombe viwili. Kimoja nilikiweka juu ya sahani, nikamwambia anipe. Alielewa. Alijivuta akakaa, akanishikisha kwa mikono miwili, na macho yake hayakutoka kooni kwangu mpaka nilipomaliza. Maji yale yalikuwa na ladha ya machozi na sukari. Ndipo akachukua cha kwake.

Alikunywa mchana kutwa, kikombe baada ya kikombe, na kila alipoanza kuchoka nilianza mimi. Gari lilipofika aliweza kupanda kwa kushikwa mkono tu. Aliniagiza nifungie kuku. Alipona bibi yule, nalisema mapema ili msomaji asimhofie. Aliyekufa hakuwa yeye.

Nilifunga kuku, nikakaa kwenye kigoda chake na daftari. Nyumba kumi na moja, vema kumi na moja. Kila alama ilisema dawa imefika, na hakuna hata moja iliyosema imenywewa. Nikakumbuka vikombe vyote vile, kimoja kimoja, na mikono iliyovishika.

Kesho yake sikupita zahanati kwanza. Nilianza kurudia nyumba. Nikafika, nikasimamisha pikipiki, na badala ya kuweka dawa nikasema, "Hodi. Naomba maji ya kunywa." Nyumba niliyoanza nayo walicheka kwa mshangao, wakaniletea, tukatia kidonge, tukasubiri pamoja. Wao walikuwa wameshakunywa dawa zote. Ya pili pia. Ya tatu zilikuwa kabatini, nyuma ya picha ya Bikira Maria, hazijafunguliwa, lakini mgonjwa alikuwa mtoto na bibi yake alikuwa amempa uji mwepesi muda wote huo, basi tukawahi. Nilianza kupata moyo. Nilijiambia labda nimeogopa bure.

Kwa mvuvi nilifika mwisho kabisa, ingawa alikuwa wa kwanza kwenye daftari. Najua kwa nini. Nilikuwa naizungukia nyumba ile.

Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, kando ya migomba. Hapakuwa na turubai, hapakuwa na viti vya kuazima, wala masufuria ya msibani. Wakati ule waliokufa kwa ugonjwa huo walizikwa haraka na wachache, na majirani walitoa pole kutoka barabarani. Mkewe alikuwa amekaa mlangoni peke yake. Aliinua uso kabla sijasema kitu. Aliijua harufu.

Nilisahau pole. Nikasema lile nililokuwa nimelisema tangu asubuhi.

"Naomba maji, mama."

Aliingia ndani, akatoka na kikombe juu ya sahani, na mkono wa pili akiwa na mfuko wa plastiki. Mfuko aliuweka kwenye kigoda. Zilikuwa pakiti zangu, zote, hazijaguswa. Nikatia chembe ya kidonge kwenye kikombe, akakaa kwenye kizingiti, nami nikakaa chini, tukasubiri nusu saa ile.

Iliposalia kidogo, ndipo aliposema, bila ukali, macho yake kwenye migomba.

"Tulipiga ile namba, gari likachelewa. Nikamwambia basi tukoroge unga. Akasema tusubiri, yule bwana atarudi kesho, labda kesho atakunywa maji yetu."

Akanyanyua kikombe, akanipa kwa mikono miwili.