Kipande Alichopewa Sabaha

Watu wa Kariakoo wanaomkumbuka Bi Mboni binti Bakili humkumbuka kwa singo yake, na wakimaliza kuisifia singo wananigeukia mimi kwa jicho baya. Wanasema nilikula mwisho wa hadithi peke yangu. Nimechoka kujitetea. Leo naeleza yote, na anayetaka kuninunia basi aninunie kwa sababu ya kweli.

Bi Mboni alikuwa msingaji. Bibi harusi akishawekwa ndani, zile siku saba kabla ya kuolewa, yeye ndiye aliyekuja kila siku baada ya adhuhuri na bakuli lake, akamsugua mwili mzima kwa liwa, karafuu, mawaridi na langilangi zilizotwangwa pamoja, mpaka nyumba nzima inukie na majirani waanze kuulizana ni kwa nani. Alizaliwa Kilwa. Mumewe alimleta Dar es Salaam, akampangishia chumba cha uani Mtaa wa Mchikichi, kisha akaenda Nachingwea kwenye yale mashamba ya karanga ya serikali. Karanga ziliishinda serikali, watu wakarudi, yeye hakurudi. Bi Mboni hakulia sana. Alinunua kinu cha pili.

Liwa na marashi aliyafuata Mchafukoge, dukani kwa Kanubhai. Mke wa Kanubhai, Harshida, alimzidishia karafuu kwenye mizani akitumaini kusikia kidogo. "Halafu yule Malkia ikawaje?" aliuliza, na Bi Mboni akamjibu kila mara, "Wewe umeshaolewa, mama. Hadithi ni ya wanaoolewa." Harshida alirudisha karafuu zake kwenye gunia, moja moja, huku akimtazama usoni.

Hadithi yenyewe haikuwa ya sungura na fisi. Ilikuwa moja tu, ndefu, na aliisimulia tangu mwaka wa arobaini na tano bila kuirudia. Bibi harusi wa kwanza alipewa siku saba zake, wa pili akaanzia pale wa kwanza alipoachiwa, na kadhalika, mwaka hata mwaka. Hakuna mtu mmoja mjini aliyekuwa nayo yote. Ukitaka kujua yaliyotangulia ulimtafuta aliyeolewa kabla yako, ukambembeleza. Pale sokoni, mbele ya meza za samaki, ungewasikia wanawake wazima wenye watoto mgongoni: "Mimi nimepata pale Waziri wa Kushoto anapokutwa amekufa na pete mdomoni." "Hiyo ya mbele sana, mwenzangu, mimi naishia kisimani." Wengine walidanganya ili waonekane wana kipande kizuri. Wengine walitumana kwenye nyumba yenye bibi harusi, wakajifanya wamekuja kuazima chungu, wakasimama nyuma ya pazia. Bi Mboni alizijua nyayo zao. Alihamia lugha ya kwao, Kimatumbi, mpaka mpelelezi achoke aende zake.

Ilihusu nchi ya Shamrani, yenye kasri la vyumba mia saba na Mfalme aliyelala miaka mingi bila kuamka. Usingizini alisema, na alichokisema ndicho kilichokuwa sheria, kwa hiyo aliyetawala ni yule aliyelala kando yake akamsikiliza. Malkia alimsikiliza. Mawaziri walihonga walinzi ili nao wasikilize. Na kulikuwa na Mpambe, mwanamke aliyetumwa na maadui kutoka ng'ambo ya jangwa la chumvi. Alimpamba Malkia mchana, na usiku aliingia mwenyewe kitandani kwa Mfalme, akamkumbatia kwa mikono iliyopakwa mafuta, akaweka sikio midomoni pake. Siri alizozipata alizipeleka nje kwa harufu: asumini ikipita uchochoroni maana yake sumu, karafuu maana yake jeshi. Usidhani Bi Mboni alipunguza chochote. Alikuwa anasugua mapaja yako huku anakueleza jinsi Mpambe alivyomgeuza yule mzee kitandani, na hukujua moto unaousikia ni wa karafuu au ni wa aibu.

Masharti yalikuwa mawili. Bibi harusi anasingwa kimya, hasemi neno. Na katika hadithi hakuna mtu mwenye jina. Ni Malkia, ni Waziri, ni Mpambe, basi. Sababu ya sharti la pili hakuitoa kwangu, na hapo ndipo penye lawama yangu, kama lawama ipo.

Niliolewa mwaka wa hamsini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, watu walikuwa wameshaanza kunihesabia, na mchumba alikuwa Nassibu, fundi wa karakana ya reli mtaa wa Gerezani. Nilimpenda. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu siku hizo mtu aliona haya kusema, na kwa sababu nilichofanya baadaye nilikifanya kwa ajili yake.

Siku tatu za kwanza nilinyamaza. Mdomo wangu ulikuwa mrefu tangu utotoni, mama anajua, lakini nilijikaza. Mpambe alikuwa ameshukiwa na Malkia, anatafuta njia ya kutoka katika kasri. Siku ya nne hadithi ikafika mahali pa ajabu. Mpambe alipita kwenye ukumbi asioujua, akakuta mlango mdogo wenye pazia la buluu, na nyuma ya pazia amekaa bibi harusi peke yake kwenye mkeka, anangoja kusingwa. Mpambe akasimama mlangoni, akauliza kwa sauti ya upole sana, "Na huyu anaitwa nani?"

 Mkono wa Bi Mboni ulisimama begani kwangu, nikaona anatikisa kichwa kama anayepoteza njia. Alikuwa mtu wa maneno yasiyokatika, na sasa yamekatika. Pazia la chumba changu lilikuwa la buluu. Mimi nilidhani ananitania, anataka nicheke. Basi nikacheka kweli, nikasema, "Mwite Sitara."

Sijui niliongea kwa nini. Kiburi, nadhani. Nilitaka kuwemo. Kwa miaka yote ile wanawake wamepokea vipande, mimi ningekuwa ndani ya kipande chenyewe.

Bi Mboni hakunikaripia. Aliliondoa bakuli taratibu, akasema, "Kesho, mwanangu," akatoka kabla hajanisinga miguu. Alikuwa hajawahi kumwacha mtu nusu.

Siku ya tano asubuhi alikuja dada Sabaha, binti wa mama yangu mkubwa, kunipaka hina. Yeye aliolewa mwaka wa hamsini na moja, naye alisingwa na Bi Mboni. Nikamweleza kwa majivuno. Kijiti cha hina kikaganda hewani.

"Umetaja jina? La kwako?"

"Si hadithi tu, dada?"

"Kipande changu ndicho kinachoeleza," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mpambe hana sura. Sura anayovaa ni ya mtu aliyempa jina lake kwa hiari. Ndiyo maana Shamrani wote wanaficha majina. Akipewa jina anatoka na sura yako, na wewe unabaki mahali pake. Lakini sura haioti yote kwa mara moja. Inachukua siku tatu."

Nilimwambia aache kunitisha. Akaendelea kunipaka hina, lakini maua yalitoka yamepinda.

Alasiri Bi Mboni hakuja. Mama alikasirika, akatuma mtu Mtaa wa Mchikichi, akaambiwa ana homa. Badala yake alikuja dada wa Nassibu, uso umekunjamana. Alizungumza na mama barazani, nami nikasikia kila neno. Nassibu ameniona. Nimesimama mlango wa karakana Gerezani, saa sita mchana, nimevaa khanga yangu yenye vitone vyekundu, namtazama bila kusema. Mafundi wote wameona. Bibi harusi aliyewekwa ndani anazurura Gerezani! Mama aliapa kwa kila alichokijua kwamba sijavuka kizingiti. Dada mtu akasema, "Basi kaka yangu ni mwongo?" Akaondoka akituachia ujumbe: likitokea tena, harusi hakuna.

Nililia mpaka kope zikavimba. Niliitafuta ile khanga sandukuni, nikaikuta imekunjwa vizuri. Nilipoinusa ilinukia asumini, na katika singo yangu hamkuwa na asumini.

Siku ya sita ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu haikuwa na kelele yoyote. Mama aliniletea uji. Alisimama mlangoni akaniambia, "Amka ule, mwanangu." Kisha akataka kuniita, nikaona midomo yake inalitafuta jina. "Amka, wewe..." Akasimama pale na bakuli, amechanganyikiwa, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokifuata. Mama yangu aliyenizaa. Akaweka uji chini akaenda zake, nikamsikia uani anajiuliza peke yake, "Anaitwa nani yule?"

Nilitaka kumfuata nimwambie. Nikafungua mdomo kulitaja jina langu mwenyewe, na halikuja haraka. Lilikuja, lakini ilinibidi kulingoja.

Siku ya saba Bi Mboni aliingia bila hodi. Alikuwa amekonda kwa siku mbili tu. Shikamoo yangu aliiitikia kwa kuninyanyua kidevu na kunitazama muda mrefu.

"Bado ni wewe," alisema.

"Bi Mboni, ni nini hiki?"

"Mimi nilidhani naitunga," alisema, akakaa chini kwa uzito. "Miaka kumi na moja. Natwanga, na maneno yanakuja, nasema haya, Mboni una kichwa kizuri. Kumbe nilikuwa nasimuliwa. Kumbe alikuwa anatafuta nyumba hata nyumba, bibi harusi hata bibi harusi, mtu wa kumpa jina. Nami ndiye niliyekuwa namfungulia milango."

Nikamshika magoti. Nikamwambia sitaki kwenda huko, namtaka Nassibu, nataka kutoka katika chumba hiki mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Nilimwambia pia kwamba hilo ni kosa lake, alirekebishe. Ndiyo, nilisema hivyo. Sijipambi.

"Jina likishaingia halitoki," alisema. "Linaweza kubadilishwa tu kwa lingine."

Akachota singo, akaanza na miguu yangu, ile aliyoiacha. Na akasimulia, kwa sauti ile ile ya siku zote, bila haraka. Mpambe alikuwa bado amesimama nyuma ya pazia la buluu, sura yake karibu imetimia, anangoja kuitwa aingie. Ndani, mwanamke mzima akainuka kutoka kando ya bibi harusi. Akasema, umeitwa vibaya. Jina ulilopewa si la huyu. Huyu hana jina katika hadithi hii. Jina la mwenye hadithi ni Mboni binti Bakili, nami nakupa kwa hiari yangu.

Pazia lilisogea. Nje hakukuwa na upepo, jua la saa tisa lilikuwa limekaa palepale. Sikuona mtu. Nilisikia harufu tu, asumini nyingi mno, kisha haikuwepo. Bi Mboni alimaliza kidole cha mwisho, akafuta mikono kwa upande wa khanga, akasimama, akatoka. Hakusema kesho, hakusema kwaheri. Na mama akapaza sauti kutoka uani, wazi kabisa, "Sitara! Njoo unywe maji!"

Niliolewa. Nassibu alikuja akiwa ameshasahau Gerezani, au alisema amesahau. Usiku wa harusi yangu ulikuwa wangu mwenyewe na sitaueleza hapa.

Ila mwezi uliofuata kulikuwa na bibi harusi Mtaa wa Sikukuu, na mji mzima ulikuwa unangoja kusikia. Bi Mboni alienda na bakuli lake. Alisinga vizuri sana, walisema, labda vizuri kuliko zamani. Lakini hakufungua mdomo. Siku ya tatu yule binti alishindwa, akavunja sharti akamwomba hadithi. Bi Mboni akamtazama kwa upole akauliza, "Hadithi gani?" Ndipo waliponigeukia mimi. Mimi ndiye wa mwisho kusingwa kwa hadithi, basi mimi ndiye niliyeuficha mwisho. Hata Harshida wa Kanubhai aliacha kunisalimia.

Nilivumilia miezi mitano. Kisha siku moja asubuhi nikaenda Mtaa wa Mchikichi. Nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, nimeanza kuonekana. Nilimkuta amekaa kwenye kibao uani anachagua mchele, wapangaji wengine wanafua. Uso ni ule ule. Nikamwamkia, akaitikia. Nikainama karibu, nikauliza kwa sauti ya chini, "Bi Mboni yuko wapi?"

Hakushtuka. Alitupa chuya moja, akanijibu kama unavyojibu habari za jirani aliyehama.

"Yuko kwa Mfalme. Anamsikiliza. Ni kazi ya kuchosha, lakini anaiweza."

"Anaweza kurudi?"

"Kwa nini asiweze?" alisema. Akaacha mchele, akanitazama usoni, kisha tumboni, kisha tena usoni. "Nipe jina tu. Lako linatosha."

Yule mwanamke hakunilazimisha. Alingoja, mkono juu ya ungo, kwa subira kubwa. Nami nilijua kabisa nadaiwa nini na nani. Nilimfikiria Bi Mboni kwenye kasri lile, sikio midomoni pa mzee asiyeamka, usiku usioisha, mtu aliyeingia pale ili mimi nitoke. Jina langu lilikuwa limefika ulimini. Nilikuwa nalisikia.

Nikafunga mdomo, nikasimama, nikaenda nyumbani kumpikia mume wangu.