Kitu Kilichomvuta Mwihaki

Mwaka wa sitini na saba wanahisa walionunua pamoja shamba la mzungu karibu na Eldoret waligawana kwa kura. Nyaguthii akapata ekari tano, na ndani yake kaburi lisilo na jina. Mzungu alikuwa ameondoka bila kusema ni la nani. Wanahisa wakamwonya: karibu na hapo usichimbe kitu. Basi hakuchimba hata choo. Walijisaidia kwenye nyasi nyuma ya kaburi.

Binti yake Mwihaki, wa miaka mitatu, alipenda kucheza pale. Alikuwa akila udongo wa kaburi kimya kimya, akitabasamu kama mtu anayelishwa.

Mvua ilipoanza, akaharisha wiki mbili. Asubuhi moja alichutama, akaita, "Mama, kuna mtu ananivuta chini."

Nyaguthii aliinama. Nyama nyekundu yenye kung'aa ilikuwa imetokeza matakoni mwa mtoto.

Alimfunga kwa leso, akajifungia naye nyumbani siku mbili. Kila Mwihaki alipokohoa, kile kitu kilitoka tena.

Jirani yake Rael alileta maziwa, akaifungua ile leso. "Mama Mwihaki! Umefunga mtoto kama mzigo wa posta?"

"Kaburi linamtaka."

"Kaburi lina mikono? Inuka twende dispensari, kabla hiyo nyama haijawa nyeusi."

Elphas, mhudumu wa dispensari, alimlaza mtoto, akalowesha kitambaa, akaisukuma ile nyama polepole. Ikarudi.

"Huu ni mwisho wa utumbo," alisema. "Kuharisha na kujikamua kumeulegeza. Watoto wengi hupona bila kupasuliwa. Mpe hii dawa ya minyoo, na asichutame muda mrefu. Utumbo ukitoka tena, urudishe hivi. Ukikataa kurudi ndani, au ukibadilika rangi, mbio hospitali." Akamtazama Nyaguthii. "Anakula udongo?"

"Anakula."

"Choo chenu kiko wapi?"

"Hatuna. Tunaenda kwenye nyasi nyuma ya kaburi."

"Mama, minyoo hutoka kwa haja zenu, ikaingia kwa udongo anaokula."

Mchana huo Nyaguthii alihesabu hatua arobaini kutoka kaburini, akaanza kuchimba choo. Shimo lilipomfika kiunoni, jembe liligonga kitu kigumu. Kikalia kama mlango unaobishwa.

Rael, aliyekuwa akimsaidia kutoa udongo, alirudi nyuma. "Acha, mama."

Mwihaki alikuwa amesimama kando ya kaburi, mkono mmoja umejaa udongo, akiuangalia.

"Tupa!" Nyaguthii alipaza sauti. Mtoto akatupa. Mama yake akafumba macho, akainua jembe tena.