Cheche na Betri ya Moyo

Fundi wa kuchomelea mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alikuwa amechoka muda mrefu kabla hajaanguka. Haukuwa uchovu wa kazi. Huo aliujua, walizeeka pamoja. Huu mwingine ulimkuta kitandani asubuhi, hata viatu hajavaa. Akibeba bomba, pumzi inakatika. Akiinama kuokota nondo, dunia inazunguka. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekuwa akifanya naye kazi karakana moja, hakuacha kumtania.

"Uzee huo, shemeji. Au tumtafutie dada yangu kijana?"

Cheche alitabasamu tu, maana hata kucheka kulikuwa kazi.

Siku aliyoanguka alikuwa kwenye ngazi, anashikiza bawaba za geti la mteja. Shemeji alimwona akiachia koleo, akilegea kama nguo iliyolowa, akiporomoka. Alipozinduka alikuwa amelazwa juu ya gunia, paji la uso linavuja damu, na shemeji amemwinamia, utani wote umemwisha.

Hospitali wakambandika nyaya kifuani, na mashine ikatoa karatasi yenye michoro. Daktari aliitazama akiwa amesimama, kisha akavuta kiti. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha.

"Mzee wangu, moyo una vyumba vya juu na vya chini. Amri ya kupiga inaanzia juu, inashuka chini kwa umeme mdogo mdogo. Kwako hiyo njia ya umeme imeziba."

"Imezibwa na mafuta?" mkewe akauliza.

"Hapana, mama, hiyo ni mishipa ya damu, habari nyingine. Hapa ni njia ya amri. Kuna watu amri inachelewa tu, lakini inafika. Hao mara nyingi tunawaangalia, hata dawa hatuwapi. Kuna wengine amri moja inafika, nyingine inapotea njiani. Hao baadhi ni wa kuangaliwa, baadhi ni wa kutibiwa haraka. Mzee hapa haifiki hata moja. Juu kunapiga kivyake, chini kivyake, tena polepole mno. Ndiyo maana anazimia."

"Nimekosea nini?" Cheche akauliza.

"Hujakosea. Mara nyingi ni umri, njia inachakaa. Wengine ni baada ya shambulio la moyo, wengine maambukizi, wengine wamezaliwa na tatizo hili. Na zipo dawa za presha zinazopunguza kasi ya moyo, kama hizo unazomeza. Tunazisimamisha leo, tuone."

Wakamweka chini ya uangalizi, mashine ikihesabu mapigo kando ya kitanda. Dawa ikaisha mwilini, lakini moyo uliendelea kujikokota vilevile. Daktari akarudi na neno moja: betri. Kifaa kidogo kinawekwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, ule mfupa ulio chini ya shingo, na waya wake unaingia moyoni na kuuamsha kila unapozubaa. Anapigwa ganzi tu, halazwi usingizi mzito.

"Sawa," Cheche akasema. "Nikipona narudi kuchomelea."

Daktari akavuta kiti tena. "Hapo ndipo penye mtihani, mzee. Mashine ya kuchomelea ina umeme mkubwa, unaweza kukivuruga kifaa. Simu utaongea, redio utasikiliza. Ila kuchomelea, kwa kweli nakushauri uache."

Cheche akageukia ukuta. "Basi niacheni. Nimechoka. Fundi asiyeshika kazi yake ni nini? Ni mtu wa kupisha njia."

Shemeji akatoka nje. Mkewe hakutoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akavua kandambili, akajikanda nyayo.

"Umechoka," akasema. "Na mimi je? Miezi yote hii nalala na sikio kifuani mwako, nasubiri kama kutadunda tena. Mwanaume, sikuolewa na mashine. Kuchomelea waachie wenye mioyo yao."

Hakulia. Angelia, labda Cheche angebisha. Ile sauti kavu ndiyo iliyomshinda.

"Waambie waje," akasema.

Kazi ilifanyika asubuhi. Alisikia wakivutavuta karibu na bega, akamsikia nesi akimpa pole. Jioni vidole vyake vilikuwa na joto, jambo alilokuwa amelisahau.

Kidonda kilipopona alirudi karakana. Sasa anapima, anachora, anakata kwa msumeno wa mkono, anapaka rangi. Shemeji akitaka kuwasha mashine hupiga kelele, "Shemeji, pisha!" naye huondoka hadi nyuma ya duka la mbao, akangoja huko akisikiliza ule mkwaruzo. Pumzi anayo tele. Kinachomchosha siku hizi ni huko kungoja. Mara nyingine hukagua kiungo cha chuma kilichokwisha poa, akapitisha kidole, akasema, "Rudia hapa," na shemeji hurudia bila ubishi.

Juzi alikwenda kupima mlango kwa mteja mgeni. Mama mwenye nyumba akamtazama mvi, akauliza, "Wewe ndiye fundi mwenyewe?"

Cheche akavuta futi yake, akaibana kwenye kona ya mlango.

"Ndimi," akasema. "Nishikie huko mwisho, mama."