Besi Nyuma ya Fidla

Siku ya kwanza kazini nilifika Granville, mtaa mmoja huku ughaibuni, mapema, nikakaa nje ya ghala la mazoezi ya bendi nikiogopa kubisha. Dada Njeri, nesi Mkenya anayepiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa umekaa, ndiye aliyenitafutia kazi. Aliponikuta pale alicheka.

"Mbona umekaa kama mtu wa matanga? Ingia bana, hawa wazee hawaumi."

Nawaandikia ninyi wadogo zangu wa kwaya, mnaoniuliza kazi ya bendi ikoje. Nilisoma shule ya msingi tu, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, na naandika polepole. Mnivumilie.

Bendi yetu ilianzishwa na mafundi wa kiwandani walioona gitaa peke yake halitoshi, wakaweka fidla na selo juu ya ngoma za roki. Wimbo wao wa kwanza kupendwa ulikuwa "Taa za Granville", ambao fidla huanza peke yake mpaka ngoma ziingie kama mlango uliopigwa teke. Ukafuata "Jumapili Bila Upepo", wa taratibu, ambao wengi huuomba harusini. Lakini uliowapa jina ni "Nisubiri Darajani". Kwenye kiitikio mwimbaji hupanda juu sana, na fidla zote humfuata.

Mimi nilipiga besi, gitaa la nyuzi nne nene. Mwongozaji, mzee aliyeandika nota zote, aliniweka nyuma ya fidla. "Watu wasikusikie," aliniambia, "lakini ukiacha kupiga, wajue." Sijapata maelezo bora ya kazi hiyo.

Mwaka huu wazee walikubaliana kustaafu, na onyesho la mwisho likapangwa kwenye ukumbi wa Campbelltown. Wiki ile, mazoezini, Mwimbaji alipanda kwenye kiitikio cha "Nisubiri Darajani" na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Ikakatika palepale.

"Tushushe ufunguo," Dada Njeri akasema, yaani wimbo wote uanzie chini zaidi.

"Fidla zitakoroma," Mwongozaji akajibu. "Tuuache."

"Mkiuacha huo, mimi siji," Mwimbaji akasema. "Nitawaaga watu na nini? Na kikohozi?"

Mazoezini huwa sisemi. Nikamnong'oneza Dada Njeri kwamba kwetu kwayani mwanzishaji akizeeka hanyang'anywi wimbo. Anatamka mstari tu, kwaya inampokea.

"Waambie mwenyewe," akasema. "Leo mimi si mkalimani."

Nikawaambia, Kiingereza changu kikiyumba. Mwongozaji akatikisa kichwa. "Hatuna kwaya."

"Tunayo," nikasema. "Tena inalipa kiingilio."

Mwimbaji akanigeukia. "Na wasipoimba?"

"Besi itazunguka palepale mpaka waimbe."

Campbelltown ukumbi ulijaa. Tulipofika kwenye kiitikio, Mwimbaji akatamka mstari, akanyamaza. Wakaitika wachache, kwa aibu, wakaacha. Fidla zikasita. Mwongozaji akanigeukia, uso umemkauka. Nikaendelea kuzungusha besi. Selo ikaniunga. Mwimbaji akatamka tena, na bibi mmoja wa mstari wa mbele akasimama, akaimba, nje kabisa ya ufunguo. Jirani yake akamrekebisha kwa kuimba kwa nguvu zaidi. Kisha safu yao, kisha ukumbi wote. Fidla zikapanda hadi kule kwao kwa zamani. Mwimbaji akashusha maikrofoni, akafumba macho.

Sasa napanga mizigo kwenye ghala la bidhaa, Wetherill Park. Dada Njeri hunitania kuwa mimi ndiye mstaafu pekee asiye na mvi. Nafurahi kwamba kazi ya bendi nilianza kuijua kwa watu waliokuwa wanaimaliza. Hawakuwa na haraka, na waliweza kumsikiliza hata asiyesema.

Usiku ule baada ya onyesho, tukikunja nyaya, Mwimbaji alikuja akakaa juu ya spika.

"Nimeuimba maisha yangu yote," akasema. "Leo ndiyo nimeusikia."

"Ukoje?" Dada Njeri akamuuliza.

"Mrefu kidogo," akajibu, akipangusa macho.