Kadi ya Harusi Iliyofunguka Nyeupe

Mama mzazi wa bwana harusi alizuiwa mlangoni kwenye harusi ya mwanawe.

Sio mama wa kambo. Sio mama wa ubatizo. Mama mwenyewe, aliyembeba tumboni.

Na aliyemzuia hakuwa mlevi wala adui. Alikuwa baunsa mwenye adabu zake, kashika kifaa cha kuskani.

"Mama, shikamoo. Naomba kadi."

Mama huyo, Rosalia, akampa simu yake.

Baunsa akaiangalia. Akaigeuza. Akaiangalia tena.

"Mama, mbona hamna kitu? Ni weupe mtupu."

"Ndiyo kadi mliyonitumia hiyo. Imekuja nyeupe, nami nimeileta nyeupe."

Hapo ndo kikaumana.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Rosalia ni Mmakonde wa Newala, anakaa Chamazi, anauza supu ya utumbo jirani na uwanja wa mpira. Siku za mechi sauti yake unaisikia kabla hujaiona sufuria. Mumewe alifariki zamani, na mwanae Stephano kamlea kwa supu hiyohiyo.

Stephano akampata Herieth, binti wa Mwananyamala. Binti hana shida. Shida alikuwa baba yake mdogo, Mzee Revelian, mwenyekiti wa kamati ya harusi.

Revelian alikuwa mtu wa hadhi. Koti havui, hata jua la Dar likipasua mawe. Kikao cha kwanza tu akatangaza:

"Sisi hatutaki kadi za karatasi. Tunaenda kisasa! Kila mgeni atatumiwa linki. Akifungua, anaona maua yanadondoka, anasikia muziki, halafu vinatokea vimraba vya kuskani mlangoni. Asiye na vimraba, haingii."

Makofi.

Linki zikatumwa. Rosalia akabonyeza yake. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea.

Weupe.

Akazima simu, akawasha. Weupe.

Akamuuliza wifi yake, Sesilia, aliyekuja kutoka Newala kwa ajili ya harusi. "Wifi, yako imefunguka?"

"Mie nilijua bando limeisha, wifi. Nikakausha."

Akauliza majirani pale Chamazi. Mmoja alidhani kioo chake kimekufa. Mwingine alidhani kafutwa kwenye wageni, akalia ndani kwake bila kumwambia mtu.

Kumbe wengi! Na wote kimya. Nani anataka ajulikane ana simu mbovu kuliko wenzie?

Rosalia ndo hakukausha. Kikao kilichofuata akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kadi haifunguki."

Revelian akatabasamu, lile tabasamu la kumhurumia mtu. "Mama Stephano, hiyo ni simu. Badilisha simu."

Aliyetengeneza kadi, kijana anaitwa Muntasir, akajaribu kueleza. "Mama, tatizo ni brauza, hicho kinachofungua kurasa kwenye simu yako. Ni ya zamani. Mie nimetumia vitu vipya, na brauza za zamani hazivisapoti. We iapdeti tu."

"Nimejaribu. Inanijibu kwamba simu hii haipokei tena."

"Aah. Basi ndo hivyo, mama. Ila kwangu inafunguka fresh. Nimeitesti."

"Kwani uliyemwalika ni simu yako au mie?"

Kikao kizima kikacheka. Muntasir akainamisha kichwa.

Revelian akagonga meza. "Tusonge mbele! Hata kwangu iko sawa. Linalofuata, keki."

Jioni ile Stephano akamwambia, "Mama, nakuchukulia simu nyingine, yaishe."

"Sitaki! Simu yangu inapiga, inapokea, inatuma pesa, inanisomea habari za mpira. Kila mlango inafungua, isipokuwa wa huyo mzee. Halafu mbovu iwe simu yangu? Ukininunulia mie, wifi yangu je? Utawanunulia Chamazi nzima?"

Stephano akacheka, akaacha. Moyoni akajua hakuna wa kumzuia mama wa bwana harusi.

Siku ikafika. Kanisani mambo safi. Maharusi wakaenda kupiga picha, Rosalia akarudi Chamazi kuwachukua watu wake. Basi dogo zima, Coaster, kina mama wamependeza na vitenge vya sare, safari mpaka ukumbini Kurasini, nyuma ya yadi za makontena.

Ndo pale baunsa alipoomba kadi.

Mwenyekiti akaitwa. Akatoka na koti lake.

"Oooh, Mama Stephano! Pita mama, pita. Baunsa, huyu ni mama wa bwana harusi."

Rosalia hakusogea. "Na hawa?"

Revelian akaitazama Coaster. "Hawa hawana kadi, mama. Utaratibu ni utaratibu."

"Kadi wanazo, zimekuja nyeupe kama yangu. Mbona michango yao ilipofika hamkusema haifunguki?"

"Ingia wewe kwanza. Hao tutawaangalia baadaye."

"Baba, sie tumekuja pamoja. Kama weupe unamzuia wifi yangu, basi na mie unanizuia."

Akavuta kiti cha plastiki cha baunsa, akakiweka katikati ya geti, akaketi.

Usoni alikuwa mkavu. Ila moyoni alikuwa anajiuliza. Namharibia mwanangu siku yake? Watasema mama mkwe mkorofi?

Sesilia akamshika bega. "Wifi, tunaondoka au tunakaa?"

"Tunakaa. Na hatukai kinyonge."

Akapiga kigelegele, kile cha siku ya mechi.

Kina mama wakadakia. Wimbo wa kikwao ukaanza, viuno vikafuata. Nje barabarani malori yalikuwa kwenye foleni ya kuelekea bandarini. Dereva mmoja akajibu kwa honi. Wa pili naye. Ghafla Kurasini ikawa na harusi mbili, moja ukumbini, moja getini.

Na ile ya getini ndo ilikuwa na watu.

Maana milango ya magari yaliyopaki ilianza kufunguka. Wakashuka watu waliokuwa wamejificha na kadi zao nyeupe, wakitafuta namna ya kuondoka bila kuonekana. Tena wengine wa upande wa Herieth, watu wa Mwananyamala na suti zao!

"Kumbe na nyie?"

"Kumbe na nyie!"

Gari la maharusi likaingia. Stephano akaruka kabla halijasimama.

"Mama! Nani kakufanyia hivi?"

"Hakuna wa kupigwa hapa. Tulia."

Herieth akasikiliza kisa kizima. Kisha akavua viatu, akaja na gauni lake, akaketi kwenye ukingo wa saruji pembeni ya mama mkwe.

"Mama, na sie hatuna kadi. Hakuna aliyetutumia."

Jamani, zile shangwe!

Revelian akatoka mbio, jasho linamtiririka. "Herieth, inuka! Unatuaibisha! Watu wanasubiri ndani!"

"Watu gani, baba mdogo? Si hawa hapa?"

Mzee akageuka kutazama ukumbini. Ndani nusu ya meza zilikuwa tupu.

Rosalia akasimama. "Baba, nakuomba jambo moja. Fungua kadi yako hapa, tuione wote. Ikifunguka, naingia peke yangu, na nakuomba radhi kwenye kipaza sauti."

Sasa simu ya Revelian kila mtu aliijua. Kubwa, kava la ngozi, ya jina kubwa. Vikaoni alikuwa anailaza mezani ili watu waione.

Akapapasa mfuko. "Chaji imeisha."

Simu ikaita palepale. Emsii, mshereheshaji, anampigia kutoka ndani.

Watu hoi kwa kicheko.

Akaitoa. Akabonyeza linki. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea.

Weupe.

Kicheko kikakatika.

"Tangu siku ya kwanza," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Niliinunua imeshatumika. Watu wanalijua jina, umri wake hawaujui. Ningesema nini mbele ya kikao?"

Rosalia alikuwa na maneno ya kumchamba mpaka asubuhi. Yalimjaa mdomoni. Akamtazama yule mzee na koti lake, akachagua machache.

"Ungesema haifunguki, baba. Basi. Sasa fungua geti. Lote."

Revelian akalisukuma mwenyewe.

Wakaingia wote. Waliobaki nyumbani Mwananyamala kwa ajili ya weupe huohuo wakapigiwa simu, wakaja wanakimbia. Chakula kikatosha. Muntasir, katikati ya msosi, akaenda kwa Sesilia. "Shikamoo mama. Naomba nione kwako inavyokuja." Akabonyeza linki, akauona weupe kwa macho yake.

Siku hizi kadi zake hazina maua ya kudondoka. Zina majina ya maharusi, ukumbi, na namba ya kutaja mlangoni. Fungua na simu yoyote ile, inakuja.

Ndugu msomaji, kitu kikikataa kukufungukia, sema. Usione haya. Haya ya mzee mmoja ilikaribia kuwafungia nje wageni wa harusi nzima, na kila aliyenyamaza aliisaidia.

Na wewe unayetengeneza milango ya watu, kumbuka mgeni huja na miguu aliyonayo.

Mzuie mgeni huyo uone. Atakalia kiti chako mwenyewe, getini.